Maoni ya Nyakunguru Juu ya Msumari Mpya

Nyakunguru, kwenye kibanda cha Mama Ghati
Jumapili mchana

Kwako dada yangu Pelagia,

Pokea salamu zangu kutoka huku Mara, nyingi kuliko mawe tuliyotoa wiki hii, maana wiki hii mawe yamekuwa haba. Mimi ni mzima. Kikohozi cha vumbi kimepungua tangu mvua zianze, na kile kidole nilichokuandikia kimeota ukucha mpya. Wewe je? Macho bado yanakuuma ukiinamia karatasi muda mrefu? Mama mpe shikamoo yangu, umwambie nakula nashiba. Na Mjomba Mkude, mikono yake inaendeleaje? Swali hilo nijibu kwa kirefu. Usiniandikie "hajambo kidogo" kama mara iliyopita, maana jibu hilo lilininyima raha mwezi mzima.

Kabla sijaenda mbali, nina la kutubu. Katika barua iliyopita nilikuambia kwamba wachimbaji wote wa hapa wameusoma Msumari wako mpya, kile kitabu chako cha picha, na wameupokea kwa mikono miwili. Ule ulikuwa uongo, dada. Matoleo yote mawili uliyonitumia yalikuwa bado yamefungwa sandukuni, chini ya shati langu la kanisani. Uliniandikia wazi kwamba mhariri wako amekupa matoleo matatu tu, kwamba kabla ya la tatu anataka kuona maoni ya wasomaji, na kwamba yakiwa mabaya atakunyang'anya Msumari na kurudia kuchapa hadithi za yule mchoraji wa zamani. Ukaniomba ukweli. Mimi nikakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kisa naogopa wasije wakaukataa halafu niwe mimi wa kukuletea habari hiyo. Nisamehe. Leo nakuandikia ukweli, na ukweli wenyewe una vituko vyake, kwa hiyo kaa chini.

Kazi yangu bado ni ile ya matimba, yaani kukinga kuta za duara, yaani shimo la kuchimbia, kwa magogo ili zisituangukie. Wenzangu wakishuka kuchimba, mimi nashuka kupima, kukata na kufunga. Mwenye duara letu, Mzee Nyamhanga, ananiita Fundi, na sijawahi kumwambia nilikojifunza. Mvua kubwa ilipokuja, maji yaliingia duarani, na ukuta wa upande wa mashariki ukasogea kama mtu anayetaka kugeuka kitandani. Matimba yalilia, lakini yalishika. Wote walitoka, wa mwisho akitoka na kiatu kimoja. Siku ile Mama Ghati alininywesha uji kwa nguvu. Huyu Mama Ghati ndiye mwenye kibanda tunapokula, mama wa makamo mwenye sauti ya kuweza kuita mtu kutoka Kewanja.

Basi tukakaa siku tisa tukingoja maji yakauke. Wanaume wamekaa bure, wamechoka kucheza bao, wamechoka kutukanana. Siku ya tatu nikasema liwalo na liwe. Nikafungua sanduku, nikatoa Msumari, nikaweka mezani. Sikusema nani kachora. Jalada limeandikwa herufi zako mbili tu.

Dada, wanamjua! Mwita, mvuta kamba wetu, alipoona jina tu alipiga kelele. Kumbe na yeye alikua na Msumari wa zamani kama sisi, yule fundi seremala asiyepinda, anayevaa mkanda wa zana na joho jekundu na kuruka juu ya mapaa kuwanyoosha majambazi. Nilimsimulia jinsi wewe na mimi tulivyogombania nakala moja hadi Mjomba akaipasua katikati, nusu yako nusu yangu, na kwamba hadi leo sijui hadithi ile iliishaje. Mwita akanihurumia kweli kweli, maana na yeye haijui.

Mwita ana sauti nzuri, kwa hiyo yeye ndiye alisoma. Anasoma picha moja, anageuza kitabu na kukizungusha kila mtu aone, kisha anaendelea. Kurasa zako ishirini na nne zilichukua mchana mzima. Kesho yake wakataka toleo la pili, kesho kutwa wakataka yote mawili tena tangu mwanzo. Kufikia siku ya sita, jalada la toleo la kwanza lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa gunia.

Maoni ni haya, na nayaandika kama yalivyosemwa. Otieno, Mjaluo wetu aliyetokea upande wa Kenya kupitia Sirari, amekasirika kwamba umemvua Msumari joho. "Shujaa gani huyu anatembea na shati ya kaki kama karani wa kaunti? Mrudishie kepu yake, bana." Joho yeye huliita kepu. Mwita anasema bora limetoka, kwamba mtu wa kazi akivaa joho atanaswa na kamba na kufa siku ya kwanza. Wengi wamelalamika kwamba ngumi zimepungua, zamani kulikuwa na ngumi kila ukurasa. Lakini hao hao, ikifika ile ngumi moja ya ukurasa wa kumi na tisa, wanasimama. Mama Ghati amefurahi kwamba sasa wanawake wa humo wanazungumza, kwa sababu zamani walikuwa wanapiga mayowe tu. Pia amesema maandishi ni madogo mno. Na mimi nina langu. Katika toleo la kwanza yule kijana wako Faraji ameshika nyundo karibu na kichwa chake, kama mtu anayepasua karanga. Mjomba akiona atakuchapa, na wewe unachora hatua tano kutoka kwenye karakana yake!

Nilikuwa na furaha, dada. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kukuandikia. Ndipo siku ya saba Mwita akafunga kitabu na kusema, "Toleo la tatu lazima akamatwe."

Nikamuuliza, "Nani?"

"Si huyu Faraji. Mwizi wa mkanda."

Nilidhani anatania. Nikawatazama wengine, wote wanaitikia kwa vichwa. Kumbe siku zote zile walizokuwa wakisoma na kurudia na kusimama, walikuwa wanasoma hadithi ya mwizi! Kijana wako Faraji, shujaa mpya, anayeshika mkanda baada ya mzee Msumari kuishiwa nguvu, wao wamemhesabu tangu ukurasa wa tatu kuwa jambazi mkuu. Wanamsifu mchoraji kwa ujanja wa kumvisha mwizi sura ya upole. Wanangoja tu mzee Msumari apone mikono aje amnyooshe.

Nikasema kwa sauti, "Si mwizi! Ni mpwa wake! Imeandikwa hapo, ni mtoto wa dada yake!"

"Ndiyo," akasema Mwita. "Mpwa. Si ndiyo nasema?"

Dada, hapo ndipo nilipoelewa kosa letu. Nasema letu kwa sababu hata mimi nilipousoma sikuona lolote. Wewe uliandika "Faraji, mtoto wa dada yake" ukaendelea na hadithi, kwa sababu kwetu Uluguru hayo maneno manne yanatosha. Nani mwingine arithi vya mjomba kama si mtoto wa dada yake? Lakini huku kwa Wakurya maneno manne hayo hayo ni sawa na kumfunga Faraji kamba na kumpeleka polisi.

Mzee Nyamhanga, ambaye siku zote alikuwa anasikiliza akijifanya anasinzia, akafumbua macho na kuanza kuniuliza maswali kama hakimu.

"Wewe Fundi. Dada yake Msumari aliolewa?"

"Aliolewa."

"Ng'ombe zilitoka wapi?"

Nikamwambia haijaandikwa.

"Zilitoka kwa mume. Basi mtoto ni wa huko zilikotoka ng'ombe. Huyu Faraji akitaka mkanda aende akaombe kwa baba yake."

"Baba yake hana mkanda, mzee."

"Basi asiwe nao!"

Watu wakacheka hadi Otieno akamwaga chai yake. Mimi sikucheka. Nilihisi hasira inapanda, hasira ambayo hata sikujua ilikuwa inakaa wapi, nikasimama na kuwaambia kwamba aliyechora kitabu hicho ni dada yangu wa tumbo moja, kwamba yuko Morogoro anaharibu macho yake kwa ajili ya kitabu hicho, na kwamba kama wao wakisema Faraji ni mwizi basi mhariri atakitupa na kazi yake itakuwa imekwisha.

Otieno akasema taratibu, "Dada? Yaani ni msichana amechora hizi ngumi? Si ungesema mapema, bana. Ngumi zake ziko sawa kabisa."

Mama Ghati akanisukumia kiti. "Kaa, mura, kijana wangu. Tueleze hao watu wenu wanaishije."

Nikawaeleza. Niliwaambia kwamba kwetu mtu ni wa ukoo wa mama yake. Niliwaambia jinsi baba alivyofariki tukiwa wadogo, na Mjomba Mkude akatuchukua bila kuulizwa na mtu, kwa sababu sisi tulikuwa wake hata kabla ya msiba. Kwamba jina la mjomba, kazi yake na kiti chake hushikwa na mtoto wa dada yake, na kwamba wanawe mwenyewe hurithi kwa wajomba zao na hawaoni kuwa wameonewa. Nikasema mjomba wetu ni fundi seremala, ndiye aliyenifundisha kupima gogo kwa jicho, na matimba yaliyoshika siku ile ya maji ni mkono wake. Nilisema mengi. Sijawahi kusema mengi hivyo tangu nifike huku.

Mzee Nyamhanga alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali ambalo nilipaswa kulitegemea lakini sikulitegemea.

"Huyo mjomba wako yuko hai?"

"Yuko hai, mzee."

"Na wewe ndiye mpwa."

"Ndimi."

"Sasa mkanda wake ameshika nani?"

Nilitazama mikono yangu. Watu wote walikuwa wanangoja.

Aliyeniokoa ni Mama Ghati. Alianza kumsema Mzee Nyamhanga kwa Kikurya, haraka haraka, kisha akageukia Kiswahili ili na mimi nisikie. "Nyinyi wanaume mnamcheka mtoto wa watu. Mimi hapa nimezaa Ghati na dada zake, wa kiume sikujaliwa. Nyumba yangu ilikuwa inakwenda kufa. Nikatoa ng'ombe zangu mwenyewe, zangu, nikamwoa Robhi. Leo nina wajukuu watatu wa kiume, wana jina la nyumba yangu. Nani hapa anaweza kusema wale watoto ni wa wizi? Aseme nimsikie."

Hiki ni kitu kinachojulikana huku, wanakiita nyumba ntobu: mama asiye na mtoto wa kiume anamwoa msichana kwa ng'ombe zake, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake. Robhi mwenyewe alikuwa pale pale anageuza obokima, ugali wa huku, kwenye sufuria, akicheka bila kutoa sauti.

"Basi," akaendelea Mama Ghati, "sisi tunazuia nyumba isife kwa ng'ombe. Hao wanazuia kwa mtoto wa dada. Kila watu na yao. Mkanda haujaibwa."

Mzee Nyamhanga alifikiri sana. Mwisho akasema sawa, anakubali mpwa ashike mkanda kama hiyo ndiyo sheria ya huko. Lakini ana neno moja, na wote wakamuunga mkono, hata Mama Ghati. "Wewe mama, ng'ombe zako zilipotoka, watu waliona?" Mama Ghati akasema kijiji kizima kiliona. "Haya. Huyu Msumari alipompa mpwa wake mkanda, nani aliona?"

Tukafungua kitabu. Nimekipekua mwenyewe, dada, ukurasa kwa ukurasa. Ukurasa wa pili mzee Msumari ana mkanda. Ukurasa wa tatu Faraji ana mkanda. Katikati hapana kitu. Hukuchora makabidhiano yenyewe.

Hayo ndiyo maoni ya Nyakunguru, na yameandikwa kwenye karatasi utakayoikuta humu ndani. Mwita ndiye aliandika, watu kumi na wanane wametia sahihi, na alama ile kubwa ya dole gumba ni ya Mzee Nyamhanga. Wanamwambia mhariri kwamba Msumari mpya ni mzuri kuliko wa zamani, kwamba asithubutu kuurudisha ule wa zamani, na kwamba wanaomba kurasa mbili katika toleo la tatu zinazoonyesha mzee akimkabidhi mpwa wake mkanda mchana kweupe, mbele ya watu. Otieno ameongeza kwa mkono wake habari ya kepu. Mimi sikumzuia. Karatasi hiyo mpelekee mhariri kama ilivyo, na madoa yake ya chai.

Sasa maoni yangu mimi, msomaji wa kumi na tisa.

Nimejiuliza kwa nini hukuyachora yale makabidhiano. Wewe hukosei vitu vya namna hiyo, hadithi zako hazina mashimo. Nadhani hukuyachora kwa sababu hujawahi kuyaona. Wote pale nyumbani mlikuwa mnayangoja, mimi nikapanda lori alfajiri bila kuaga. Mjomba alikuwa amemaliza meza mpya ya randa wiki ile ile. Aliipima kwa urefu wangu, akaniambia nisimame wima kama ninayepimwa suti, na mimi nikaona kama ananipimia sanduku la maiti. Nilitaka dhahabu. Nilitaka kurudi nikiwa mtu mkubwa kuliko karakana. Miaka mitatu imepita, na kitu pekee ninachokijua vizuri huku machimboni ni kile alichonifundisha yeye.

Kuhusu ukurasa wa nne wa toleo la pili, pale mzee Msumari anapojaribu kushika nyundo na mkono unatetemeka hadi anauficha mfukoni, sihitaji kuambiwa ile ni mikono ya nani. Niliifunika picha ile kwa kiganja Mwita alipokuwa anaizungusha. Nililia, dada, na nikasingizia moshi wa Robhi.

Sikuulizi kama ulinichora mimi. Lakini siku niliyosimama mbele ya watu wazima kumtetea Faraji asiitwe mwizi, nilijiona mimi ndiye mbaya kuliko mwizi, maana mwizi angalau anautaka mkanda.

Nakuja. Namalizia ukuta wa mashariki, na kila siku nashuka na Mwita kumfundisha kufunga matimba ili nisiwaache watu wazi. Anapima vibaya lakini ana bidii, na Mzee Nyamhanga ameshakubali, ingawa amenung'unika. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa Tarime natafuta basi. Dhahabu sina ya kuonyesha mtu. Nina afya, nina mikono, na nina aibu ambayo nadhani itapungua njiani.

Mwambie Mjomba. Mwambie polepole, akiwa amekaa. Lakini asinipe kitu siku nitakayofika, hata randa asinishikishe. Ngojeni kwanza watu waitwe. Majirani wote waje, Mama akae mbele, na mchana uwe mweupe. Wewe kaa upande wa dirisha na penseli yako. Tazama vizuri mkanda wake wa zana unavyotoka kiunoni kwake hadi kiunoni kwangu, na mikono yake ikitetemeka ichore ikitetemeka. Kisha mpelekee mhariri.

Nisalimie Mama sana. Nisalimie shangazi muuza ndizi, mwambie nimesikia kwamba amenichumbia mtu na sijakataa wala kukubali. Msalimie katekista wetu wa kigango, aliyenifundisha dini na kunionya juu ya malori. Wasalimie binamu zetu, watoto wa Mjomba, na uwaambie kwamba huku watu wanawahurumia sana kwa kunyimwa mkanda. Mama Ghati na Robhi wanakusalimu wewe hasa, na Otieno anauliza kama umeolewa. Nimemjibu kwamba una ngumi.

Ni mimi mdogo wako,
Benedikto, mpwa wa Fundi Mkude